Kutunza malisho: kazi isiyoeleweka

Kijana akitangaza nyumbani kwamba anataka kusomea malisho, huulizwa: "Yaani ada yote hii ukasomee nyasi?" Swali hilo linaniuma, kwa sababu kaya nyingi za nyika ya Kenya na Tanzania zinaishi kwa kutegemea nyasi. Acha nizijibu dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

Dhana: Mbuga ni ardhi tupu, anayeipenda apande miti.

Dhana hii imeleta hasara kubwa. Twende Baringo, Kenya. Katika miaka ya 1980 ulipandwa mti wa mathenge ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mti ukashika, kisha ukawashinda waliouleta. Mifugo ilikula maganda yake matamu ikasambaza mbegu kwa kinyesi, na malisho ya kando ya ziwa yakageuka kichaka cha miiba. Sukari ya maganda yale iliharibu meno ya mbuzi hadi yakang'oka. Wananchi walipoishtaki serikali, walipeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Kila nikikutana na mtu anayetaka kuiokoa mbuga kwa miche, humsimulia habari za mbuzi huyo.

Ukweli: Mbuga si msitu uliokufa. Sehemu kubwa ya uhai wa nyasi imo ardhini, kwenye mizizi, na kaboni iliyohifadhiwa humo hairuki na moshi mbuga ikiungua. Ndiyo maana mtunza malisho mara nyingi hung'oa kuliko kupanda: huku mathenge, kule Arusha gugu karoti. Akipanda, hupanda nyasi za asili ya hapo. Kajiado, kwa mfano, huchimbwa makinga maji yenye umbo la nusu mwezi kwenye udongo uliokakamaa, mvua inanaswa badala ya kutiririka, na mbegu zinapata pa kuotea.

Dhana: Mhifadhi kazi yake ni kufukuza ng'ombe.

Ukweli: Tazama Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Chanjo ya sotoka, ugonjwa hatari wa mifugo, waliyochomwa ng'ombe wa vijiji vya jirani ilikata ugonjwa huo hata kwa wanyamapori, na mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walizidi milioni 1. Wakala nyasi nyingi, moto ukakosa cha kuunguza, miti ikarudi. Waliobadilisha sura ya mbuga ile walikuwa wachanjaji wa ng'ombe.

Wamaasai nao wana alalili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili kiangazi ndama na ng'ombe dhaifu wapate pa kula. Nyasi hutaka kuliwa, na hutaka kupumzishwa. Ubingwa wa kazi hii ni kujua lini, na wazee wa boma wanalijua hilo kabla hujafungua daftari lako.

Dhana: Ni kazi ya kutembea porini peke yako.

Ukweli: Ni kazi ya vikao. Unakaa chini ya mti kutwa nzima wakati vijiji viwili vinabishana mpaka uko kwenye korongo au kwenye mgunga. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu jamii kupata hatimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuwa ya kundi zima. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Bonde la Yaeda, walipata yao mwaka 2011. Edward Loure, aliyesukuma hati za aina hiyo kwa wafugaji na wawindaji wa kaskazini, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016. Mimi naiona hati hiyo kuwa kifaa bora cha uhifadhi kuliko uzio wowote. Ila kikao kikiwa cha wanaume peke yao, usikubali kifungwe: wanawake ndio wanaojua kisima kipi kimekauka na ndama wanalala wapi.

Dhana: Moto ni adui siku zote.

Ukweli: Kuchoma mapema kwa mpango, nyasi zikiwa bado na unyevu, huzuia moto mkali wa mwisho wa kiangazi.

Dhana: Bila digrii huingii.

Ukweli: Digrii ipo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini wapo walioanza na cheti cha mifugo, na wapo maskauti wa vijiji waliofunzwa kazini. Ukitaka kujipima kabla ya kuomba chuo, kunja waya upate fremu ya mita moja kwa mita moja, iweke kwenye malisho ya karibu, upige magoti na mfugaji wa hapo. Hesabuni nyasi za kudumu, za msimu, magugu na udongo mtupu. Andika majina anayoyataja yeye. Weka kigingi, urudi mvua zikiisha, uhesabu tena.