Mstari mwekundu: jinsi mtaa ulivyoamua nafasi ya mtu Marekani

Siku hizi tukisikia "mstari mwekundu" tunaelewa ni mpaka ambao kiongozi fulani ameonya usivukwe. Katika historia ya nyumba za Marekani maneno hayo yana maana nyingine: benki na serikali kuutia mtaa alama nyekundu kwa sababu ya rangi au asili ya wakazi wake, kisha kumnyima mkopo anayetaka kununua nyumba humo, hata kama ana kazi nzuri na hadaiwi na mtu.

Na alama hiyo ilikuwa rangi kweli, kwenye karatasi. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeporomoka na watu wakipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa madeni, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwaokoa, HOLC. Baadaye likachora ramani za miji zaidi ya 200. Kijani ni mtaa bora, buluu unafaa, njano unashuka, nyekundu ni hatari. Kila mtaa ulikuwa na fomu yake, na humo, pamoja na maelezo ya majengo, palikuwa na nafasi ya kujaza kama Weusi wapo, ndiyo au hapana, na ni asilimia ngapi. Nafasi nyingine ilitaka kujua ni kina nani "wanaojipenyeza". Wayahudi na Waitaliano nao walitajwa, lakini mitaa ya Weusi ndiyo iliyoishia nyekundu karibu yote.

Kwa maoni yangu ramani hizo hulaumiwa kupita kiasi, kwani HOLC yenyewe ilikopesha hata ndani ya nyekundu. Aliyeumiza zaidi ni FHA, wakala ulioundwa 1934 kudhamini mikopo ya benki. Kabla yake, mnunuzi mara nyingi alitakiwa kutoa karibu nusu ya bei papo hapo na kumaliza deni ndani ya miaka michache. Kwa dhamana ya FHA, malipo ya kwanza yalishuka hadi asilimia 20 au chini yake, na deni likalipwa kidogo kidogo kwa miaka 20 na zaidi. Hapo ndipo mfanyakazi wa kiwandani alipoanza kumiliki nyumba. Mzungu, lakini. Mwongozo wa FHA uliwaelekeza wakaguzi waushushe daraja mtaa ambao rangi za watu zimechanganyika.

Detroit ushahidi bado umesimama. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kuweka nyumba za Wazungu jirani na mtaa wa Weusi, FHA ikakataa kudhamini. Akajenga ukuta wa zege kati ya pande hizo mbili, kimo futi 6, urefu karibu nusu maili. Dhamana ikatoka. Kijana angeweza kuuparamia bila shida. Ulijengwa umridhishe mkaguzi. Leo pande zote mbili wengi wa wakazi ni Weusi, na sehemu ya ukuta wameipamba kwa picha.

Sheria ya kukataza ubaguzi huo ilitiwa saini Aprili 1968, siku 7 baada ya Martin Luther King kuuawa. Lakini nyumba hurithiwa. Aliyenunua mwaka 1950 aliona thamani ikipanda, akakopea nyumba hiyo kumsomesha mtoto chuo, kisha akamwachia. Aliyekataliwa mkopo alilipa pango miaka yote hiyo, na pango halirithiwi. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha familia ya Wazungu iliyo katikati kabisa kwa utajiri (nusu wanaizidi, nusu wako chini yake) ikiwa na mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni, na ya Weusi dola 44,900.

Kisha kuna shule. Sehemu kubwa ya fedha za shule za umma hutoka kwenye kodi ya majengo ya eneo husika, hivyo mtaa wa nyumba za bei ya chini hupata taabu kuichangia shule yake. Ndiyo maana Mswahili anayehamia kule hushauriwa na waliomtangulia aulizie shule kabla ya kupanga. Sisi tunaita kodi zote mbili, ya majengo na ya pango. Kule zinavutana kwelikweli: ya kwanza huijenga shule, na shule ikisifika, ya pili inapanda hadi mgeni anarudi kutafuta chumba ng'ambo ya ukuta.