Kanuni za kuogelea kwa waliobadili jinsia: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Habari za waogeleaji waliobadili jinsia hufika Mtwara na Lindi kwa njia ya simu, zikiwa zimekatwa vipande vipande, na kipande kinachosambaa zaidi ni kile kinachodai kwamba wakubwa wa mchezo huu duniani wamempiga marufuku kila mtu aliyebadili jinsia asikanyage bwawani. Sivyo ilivyoandikwa. Mnamo Juni 2022 shirikisho la kimataifa la kuogelea, ambalo wakati huo liliitwa FINA na sasa linaitwa World Aquatics, lilikutana Budapest, Hungaria, likapitisha sera kwa asilimia 71.5 ya kura. Sera hiyo inahusu mashindano ya shirikisho lenyewe pamoja na rekodi za dunia. Kwa mujibu wake, mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na mwili wa kiume, anaweza kushindana na wanawake endapo tu balehe yake ya kiume ilizuiwa kabla ya kupita hatua ya pili kati ya zile tano ambazo madaktari hutumia kupima ukuaji wa mtoto, au kabla hajafikia miaka 12, kwa kufuata lile linalotokea baadaye. Tena ni lazima kiwango chake cha testosteroni, yaani homoni ya kiume, kiwe kimebaki chini ya nanomoli 2.5 kwa lita. Mwanamume aliyebadili jinsia anaruhusiwa kushindana na wanaume. Kuhusu mtoto anayejifunza kuelea katika ghuba ya Mikindani, sera hiyo haisemi neno.

Ninafahamu kwamba kwa familia nyingi za huku kusini jambo hili ni la dini na malezi kabla ya kuwa la michezo, na siandiki ili kumhukumu mtu kwa imani yake. Ninachojali ni kwamba mzazi anayeamua kuhusu mwanawe, na mwalimu anayeamua kuhusu kundi lake, waamue wakiwa na taarifa iliyo sahihi.

Dhana nyingine, ambayo nimeisikia hata kwa walimu, ni kwamba mvulana ana kasi kuliko msichana tangu utotoni. Tazama watoto wa miaka tisa au kumi maji yanapojaa, wanapokimbizana kuogelea kutoka ufukweni hadi kwenye ngalawa iliyotiwa nanga: anayewahi kuushika mrengu mara nyingi ni yule aliyezoea maji, awe binti au mvulana. Takwimu za mashindano ya watoto katika nchi zenye mabwawa mengi zinaonyesha jambo hilo hilo, kwamba kabla ya balehe tofauti ya kasi baina ya wasichana na wavulana ni ndogo sana, kisha huanza kupanuka kwenye umri wa miaka 12 au 13, pale testosteroni ya wavulana inapopanda. Kwa watu wazima tofauti hiyo ni kubwa na haina ubishi. Katika mita 100 mtindo huru, Sarah Sjöström wa Uswidi aliweka rekodi ya dunia ya wanawake ya sekunde 51.71 mwaka 2017, na Pan Zhanle wa China akaweka ya wanaume ya sekunde 46.40 mwaka 2024. Pengo hilo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana kanuni ya Budapest imeegemea balehe. Balehe nayo haina tarehe moja kwa wote: wavulana wetu hutoka jandoni siku moja, lakini sauti zao hazibadiliki mwaka mmoja.

Wapo wanaodai kwamba dawa za kushusha homoni hufuta kila faida ya mwili wa kiume, nao wanakosea. Misuli hupungua, lakini urefu, upana wa mabega na ukubwa wa viganja na nyayo, ambavyo vyote vina kazi ndani ya maji, havirudi nyuma baada ya mtu kukua. Wanaodai kwamba kila aliyebadili jinsia lazima ashinde wanakosea pia, na tafiti zilizofanywa juu ya waogeleaji wenyewe bado ni chache.

Jina la Lia Thomas, mwogeleaji wa Marekani aliyebadili jinsia na kuwa mwanamke, hutajwa sana, kwa kuwa alishinda yadi 500 mtindo huru katika mashindano ya wanawake ya vyuo vikuu mwezi Machi 2022. Husemwa kwamba baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilithibitisha kuwa sera ya World Aquatics ni ya haki. Uamuzi wa mwaka 2024 haukufika huko: mahakama ilisema tu kwamba Thomas hakuwa na sifa ya kisheria ya kuipinga sera hiyo. Caster Semenya wa Afrika Kusini naye huingizwa katika orodha hii bila sababu. Yeye ni mkimbiaji, alizaliwa na kulelewa kama msichana, na kesi zake zinahusu tofauti za kimaumbile alizozaliwa nazo. Hakubadili jinsia.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni ile inayosema kwamba ili kulinda haki ya wasichana, mtu mzima anaweza kumkagua mtoto au kumshuku kwa sura yake. Katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2022 ilifahamika kwamba wazazi wa wasichana walioshindwa walimlalamikia msichana aliyewashinda, na chama cha michezo ya shule kikachunguza kumbukumbu zake za masomo hadi darasa la awali. Alikuwa ameandikishwa kama msichana tangu mwanzo. Binti mwenye kifua bapa, nywele fupi na mikono yenye nguvu ya kuvuta nyavu hana kosa lolote, na kumvua nguo mtoto ili kuthibitisha jinsia yake ni udhalilishaji ambao hakuna kanuni ya kuogelea inayoudai.

Hata nje ya nchi, kujifunza na kujiburudisha hutenganishwa na kugombea medali. Chama cha kuogelea cha Uingereza kilipobadilisha kanuni mwaka 2023, kiliweka kundi la wanawake na kundi la wazi, yaani lisilobagua jinsia, katika mashindano yenye leseni. Mwaka uliotangulia, chama cha Marekani kiliwawekea waogeleaji wa ngazi ya juu masharti ya homoni ambayo hakikuwawekea wengine. Huku kwetu wengi wa watoto hawajafundishwa hata kuelea, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa katika nchi zenye kipato kama chetu. Mwalimu anayetaka kushindanisha watoto wa chini ya miaka 12 anaweza kuwapanga kwa muda ambao kila mmoja alitumia katika mazoezi, wenye kasi inayokaribiana wakaanza pamoja, kama mashindano makubwa yanavyopanga raundi za mchujo.