Mgonjwa kurudi nyumbani si kufukuzwa: yanayopaswa kupangwa mapema

Jumamosi ya pili ya Oktoba huadhimishwa duniani kote kama siku ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena, na kitengo chetu hapa Mwanza huitumia kuwakaribisha wananchi waje kuuliza. Safari hii maswali yalikuwa machache kuliko malalamiko, na malalamiko karibu yote yalikuwa lile lile: "Mmetufukuzia mgonjwa." Nalijibu kwa maandishi kwa sababu limeanza kuwafanya baadhi ya ndugu wakatae hata kukaa na timu yetu wodini.

Saratani ikishasambaa, au moyo ukichoka kiasi cha kutotibika tena, dawa za kuuondoa ugonjwa zinakoma. Matibabu hayakomi. Maumivu yanatibiwa, kubanwa pumzi kunatibiwa, kadhalika kichefuchefu, vidonda na kukosa usingizi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani kwa mgonjwa, iwe Buzuruga, Kisesa au Nansio, mradi imepangwa. Kinachotukwamisha ni kuchelewa.

Mara nyingi ndugu humficha mgonjwa hali yake wiki nzima, kisha Ijumaa jioni, akiwa haongei tena, wanataka ruhusa hapo hapo. Sababu tunaijua, na haina haja ya kuonewa haya: gari la kusafirisha mwili hadi Kwimba lina bei nyingine kabisa kuliko taksi ya kumbeba mtu akiwa hai. Familia inapiga hesabu. Hatuwalaumu. Lakini mtu aliyelazwa kiti cha nyuma bila dawa ya maumivu, akakata roho kabla ya kufika Misungwi, hakufia hospitali wala hakufia kwake. Wanaokwenda Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Wa Ukerewe na visiwa vingine bado wanategemea chombo cha majini, na upepo ukichafuka ziwani hakuna ruhusa ya daktari itakayowavusha.

Kabla ya kupanga usafiri, muulizeni mgonjwa mwenyewe. Hili huwa najiuliza kwa nini linahitaji kusemwa, lakini linahitaji. Kuna mama mmoja mtu mzima ambaye wanawe walibishana kwenye korido ni nani atatoa gari la kumpeleka kijijini, karibu na makaburi ya wazee. Muuguzi akachuchumaa kando ya kitanda: "Shikamoo mama. Wewe mwenyewe ungependa ukae wapi?" Akajibu bila kusita, "Kwa binti yangu, Igoma. Huko kijijini nani atanigeuza usiku?" Hakuna aliyekuwa amewaza habari ya kumgeuza. Akakaa Igoma. Kuzikwa, akazikwa kijijini kama walivyotaka wote, maana mahali pa kuzikwa na mahali pa kuuguzwa ni mambo mawili. Wapo pia wanaotaka kubaki wodini kwa sababu nyumbani ni chumba kimoja cha kupanga chenye watoto wanne. Nao wana haki ya kusikilizwa.

Sasa utaratibu. Kuna ruhusa iliyopangwa, na kuna kusaini fomu ya kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Watu huzichanganya, kisha wanashangaa kukosa dawa. Kwa ruhusa iliyopangwa, tunaandaa muhtasari wa ugonjwa, orodha ya dawa na barua kwa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na mtakakokaa. Tunahitaji ndugu mmoja, si kamati, atakayesimamia dawa: afike na kitambulisho, asaini, na akae na muuguzi hadi aweze kupima dozi mwenyewe mbele yetu. Anayesaini fomu ile nyingine hatumnyimi huduma akirudi, ila maandalizi haya yote anakuwa ameyaruka.

Dawa inayozungumzwa hapa zaidi ni mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Haimuui mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo alichoandikiwa haiharakishi kifo, wala anayeitumia kwa maumivu ya saratani hageuki teja. Nimelieleza hili hadi kwenye misiba. Hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, kwa sababu kusubiri mpaka alie ni kuanza upya kila mara. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano tulilowapa. Kijiko cha chai hapana. Lazima iende na dawa ya kulainisha choo, la sivyo mtatupigia simu siku ya tatu kwa tatizo jingine. Chupa ikae gizani, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na watoto.

Mofini iko chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Mwenye cheti cha daktari na lebo yenye jina la mgonjwa hana kosa. Akisimamishwa bandarini aonyeshe barua. Kuiuza, au kumgawia jirani anayeumwa mgongo hata kwa huruma, ni jambo jingine, na adhabu za sheria hiyo hufika hadi kifungo cha maisha. Na kwa wanaotuuliza kwa kunong'ona kama tunaweza "kumsaidia apumzike": hapana. Kuharakisha kifo cha mgonjwa ni kosa la jinai Tanzania, kwa daktari na kwa ndugu pia. Tiba shufaa haisukumi kifo wala haikizuii.

Siku za mwisho mgonjwa hataki chakula. Hafi kwa njaa. Mwili umeacha kukihitaji, na dripu mnayodai mara nyingi huongeza maji kifuani na mkoromo. Lowanisheni midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Pumzi zitakuwa na mapengo, miguu itapoa. Mpigieni simu muuguzi wenu, msikimbilie bodaboda saa nane usiku.

Akifariki nyumbani, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na kwa mtendaji. Onyesheni ile barua ya hospitali. Inaondoa maswali mengi kuhusu chanzo cha kifo. Kifo kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 30. Mtaanza na fomu ya tangazo la kifo, kisha cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya msajili wa wilaya. Mkipitisha muda huo, hatua zinaongezeka na gharama pia, na mirathi, akaunti ya benki na mafao vyote vitasubiri karatasi hiyo.

Mofini iliyobaki irudishwe dirisha la famasia mlikoichukua, na chupa tupu pia. Msiimwage chooni, na msimwekee mgonjwa mwingine. Kwa walioko visiwani, ikabidhini kwa mganga mfawidhi wa kituo mlichoandikiwa barua, naye atasaini kuipokea.