Uwele: pambo la barazani, nafaka ya kinuni

Mwaka huu jirani yangu hapa Masasi amepanda mbele ya baraza yake mmea wenye majani ya zambarau iliyokolea, karibu na weusi. Kila apitaye anasimama: "Mama, huu mtama gani?" Si mtama. Ni uwele, ndugu wa damu wa ule unaotwangwa Dodoma na Singida, ila huu umechaguliwa kwa ajili ya rangi.

Mmea wenyewe huitwa mwele au uwele, na nafaka yake mawele. Msomaji wa Kiswahili cha zamani atakumbuka kwamba mwele ni mgonjwa pia na uwele ni ugonjwa. Hapa nasema nafaka. Kusini kwetu kuuchanganya na mtama si ajabu, maana mtama ndio tuliokua nao. Tazama suke. La mtama hutawanyika au hujikunja kama ngumi. La ulezi lina vidole. La uwele limesimama wima kama mkia wa paka aliyeshtuka, punje zimebanana kulizunguka pande zote. Lishike kabla halijakomaa, utahisi vinywele vyake vikikwaruza kiganja.

Kwa ukoo, uwele ni nyasi, kama walivyo mpunga, mahindi na muwa. Majani ya tembo tunayokatia ng'ombe ni ndugu yake wa karibu kabisa. Asili yake ni ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi, ambako watu walianza kuulima zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ndiyo maana jina lake la kitaalamu, Cenchrus americanus, linanikera: linautaja kwa Marekani mmea uliozaliwa Afrika.

Wa pambo unaojulikana zaidi ni Purple Majesty, uliopata mwaka 2003 medali ya dhahabu ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu na kutuza mimea mipya ya bustani. Unafika kimo cha mtu mfupi. Miche yake huota kijani, na wengi huvunjika moyo hapo wakidhani wameuziwa mbegu siyo. Rangi huletwa na jua. Weka mche mmoja chini ya mkorosho na mwingine uwanjani: wa kivulini utabaki na ukijani wake, wa uwanjani utaiva zambarau hadi kwenye mshipa wa katikati ya jani. Kwa mchanga wetu na jua la Mtwara na Lindi, mimi ningeupanda huu kabla ya maua yanayodai ndoo ya maji kila jioni. Mizizi yake huenda chini sana, na uwele wa chakula huzaa hata pale mahindi yanapokauka. Mvua zetu hupenda kukatika mwezi wa pili, basi sifa hiyo si ndogo.

Inuka asubuhi suke linapochanua, uone jambo. Nyuzi nyeupe za kike hutangulia kuchomoza, na vifuko vya chavua hufuata siku chache baadaye. Kwa hiyo suke mara nyingi hupata chavua ya mmea mwingine iliyoletwa na upepo au wadudu. Ukiupanda wa pambo jirani na shamba la mawele, mbegu zitachanganyika. Na mbegu utakazovuna kwenye Purple Majesty hazitakupa miche inayofanana na mama, kwa sababu ni chotara.

Je, unaliwa? Mawele ya shambani ndiyo, kwa uji, ugali na togwa. Mbegu za pakiti za bustani usizitie chunguni, kwani nyingi hupakwa dawa. Ukisaga mawele, saga ya kutosha siku chache tu: kiini cha punje kina mafuta mengi, na unga ukikaa huwa mchungu. Bibi zetu waliotwanga kidogo kidogo kila siku walilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Ndege nao hawatofautishi pambo na chakula. Shambani watu hushinda wakiamia tangu alfajiri. Jirani yangu hana nafasi hiyo, kwa hiyo masuke mawili ameyafunga vipande vya kanga kuukuu, na mengine amewaachia.