Rimoti haijafutika jamani

Juzi tena. Mteja kaja kutoka Mikindani na gari ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, kaivuta kwa brekidauni mpaka hapa Mtwara mjini, kisa kuna mjuaji kamwambia "betri ya rimoti ikiisha programu inafutika". Nikafungua kava, nikaweka betri mpya, pii, milango hiyo. Nilimwonea huruma, ila hasira pia nilikuwa nazo.

Haifutiki. Namba za siri zimeandikwa kwenye chipu na kompyuta ya gari nayo inazo, toa betri ya rimoti, itupe kabatini mwezi mzima, utazikuta. Kuprogramu mara nyingi ni pale umeleta rimoti nyingine.

Na hapa ndo panaponikera zaidi. Ndani ya hicho kidude kuna kazi mbili. Ya kufungua milango kwa mbali inakula betri, sawa. Ila chipu ya imobilaiza (ule mfumo unaozuia gari kuwashwa bila rimoti yake) haihitaji betri, inapata umeme wake kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo pale kwenye kitufe cha kuwashia ukiisogeza karibu, kwa hiyo betri ikifa kabisa hujakwama! Chomoa ule ufunguo wa chuma uliojificha kwenye rimoti (ndio, upo, watu wana gari miaka mitatu hawajawahi kuuona), fungua mlango wa dereva, alamu ikilia we iache ilie, gia iwe P, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe. Toyota nyingi ni upande wenye nembo, ukisikia mlio bonyeza ndani ya sekunde 10. Baadhi ya gari za zamani zina tundu, unachomeka humo.

Kama taa ya rimoti inawaka vizuri lakini gari kimya, hata taa za ndani hamna, hiyo betri ya gari imelala, tafuta wa kukubusti.

Betri za rimoti soma namba. CR2032 ni milimita 20 upana na 3.2 unene, CR2016 upana uleule ila nyembamba nusu, na nyie mnaiweka hiyo nyembamba kwenye nafasi ya 2032 mnajazia na karatasi ya sigara, inagusa leo, kesho shimo moja tu la barabarani imeachia, mnarudi kwangu "fundi betri zako feki". Mita ya kupimia volti nayo inadanganya, betri iliyochoka inaweza kusoma karibu volti 3 ikiwa imekaa tu, ukibonyeza kitufe inaporomoka. Mi naweka mpya kwanza, kupima baadaye.

Wa kuogelea baharini Msimbati na rimoti mfukoni: toa betri hapohapo, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, sugua saketi kwa mswaki na spiriti, kausha kivulini. Chumvi ikishaanza ile kutu ya kijani siahidi kitu.

Halafu kuna zinazonishinda. Rimoti inagoma sehemu moja tu, mkisukuma gari mita chache inakubali. Namwambia mteja ni mawimbi ya vitu vingine yanagongana, na naamini hivyo, ila sijawahi kukamata kinachogonga. Na kuna Toyota Crown moja nilifungua rimoti yake nikaangalia nikaifunga, sikugusa kitu, ikapona. Nilichukua elfu tano ya ufundi, mwenyewe nikiangalia pembeni.