Homoni za msongo wa mama na hatima ya mtoto: nyangumi, pomboo na sili

Kotisoli, homoni kuu ya msongo, imepakwa matope kupita kiasi. Watu wengi wakisikia jina la homoni hii huwaza maradhi na kukosa usingizi, wakadhani mwili ungekuwa na nafuu bila hiyo. Lakini mimba ikikaribia kutimia, kotisoli ndiyo inayoyakomaza mapafu ya mtoto, na mtoto wa mnyama wa baharini anayahitaji mapafu hayo mara moja. Pomboo huzaliwa chini ya maji, na pumzi yake ya kwanza lazima aifuate juu. Kwa hiyo hatuulizi kama mama ana homoni ya msongo. Tunauliza anayo kiasi gani, mimba ikiwa na umri gani, na hali hiyo imedumu kwa muda gani.

Mnyama akitishwa, ubongo huichochea tezi ndogo iliyo chini yake, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo jirani na figo ili zimwage kotisoli kwenye damu. Akiba ya sukari na mafuta hufunguliwa, na kazi zinazoweza kusubiri, kama ukuaji, kinga na uzazi, huwekwa kando. Kwa mamalia wa baharini, aldosteroni, homoni ya tezi hizohizo inayosimamia chumvi na maji mwilini, nayo hupanda msongo unapozidi, ndiyo maana watafiti wa sili na pomboo hupenda kuzipima zote mbili. Hatari ikipita, kotisoli yenyewe huuambia ubongo usitishe amri. Mfumo huu unamfaa sana mnyama aliyekutana na papa akaponyoka. Kwa kelele za meli zinazopita usiku na mchana, haufai.

Mtoto aliye tumboni hakuachwa bila ulinzi. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachogeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Hata hivyo ulinzi huo una kikomo. Kiwango cha mama kikipanda sana na kubaki juu, sehemu yake hupenya. Kwa panya na kondoo jambo hili limepimwa kwa makini: mtoto huweza kuzaliwa mdogo, na vipokezi vya kotisoli katika ubongo wake, yaani sehemu zinazoipokea amri yake ya kusitisha, huweza kupungua, hivyo akitishwa maishani mwake huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Nyangumi mwenye mimba hafungiwi maabara, na kumtoa damu baharini ni jambo lisilowezekana. Ushahidi wake hutafutwa kwa njia nyingine: kwenye mvuke wa pumzi yake, kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwenye nta ya sikio inayojijenga tabaka kwa tabaka maisha yake yote, na kwenye kinyesi. Njia hii ya mwisho napenda kuieleza zaidi, kwa kuwa haimgusi mnyama hata kidogo. Mbwa aliyefunzwa husimama kwenye omo ya mashua. Akinusa kinyesi cha nyangumi upepo unakotoka, huelekeza pua yake upande huo, na nahodha hufuata pua. Mashua ikipita harufu, mbwa hugeuka, na usukani hugeuka naye. Inabidi kufanya haraka, maana kinyesi hakikawii kuzama au kutawanyika. Kikishachotwa kwa wavu, hutuambia mambo mengi: mnyama huyu ni dume au jike, ana mimba au hana, anashiba au ana njaa, na homoni zake za msongo ziko kiwango gani.

Ni kwa kinyesi cha namna hiyo tulipata moja ya vipimo vyenye thamani kubwa katika fani hii. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, safari za meli zilipungua ghafla. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, kelele chini ya maji zilishuka kwa desibeli 6, hasa sauti nzito ambazo ndizo nyangumi wa spishi ya Eubalaena glacialis huzitumia kuwasiliana. Homoni za msongo katika kinyesi chao zilishuka pia. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2012 ukiongozwa na Rosalind Rolland, ulionyesha kwamba kiwango tulichokuwa tukikiona kila mwaka na kukihesabu kuwa cha kawaida kilikuwa tayari kimebeba kelele zetu ndani yake. Majike wenye mimba wa spishi hiyo wanaishi katika bahari hiyohiyo.

Mbwa walitumika pia kwa orka wa pwani ya kusini-magharibi mwa Kanada na jimbo la Washington, ambao hutegemea zaidi samoni aina ya Chinook. Orka hubeba mimba kwa takriban miezi 17 au 18, muda mrefu wa kutosha kwa msimu mzima wa njaa kumkuta njiani. Sampuli za kinyesi za mwaka 2008 hadi 2014 zilionyesha kuwa asilimia 69 ya mimba zilizogunduliwa hazikufanikiwa, na baadhi zilipotea zikiwa zimekaribia kutimia au mara tu baada ya mtoto kuzaliwa. Homoni za majike waliopoteza mimba zilionyesha njaa: homoni ya tezi ya shingo iko chini, homoni za msongo ziko juu. Meli huongeza msongo, lakini kwa orka hawa tatizo kubwa lilikuwa chakula.

Kuna kisa kingine ambacho wengi hawakitarajii. Jukwaa la mafuta la Deepwater Horizon lilipolipuka Aprili 2010, mafuta yalienea hadi Ghuba ya Barataria, Louisiana. Pomboo waliochunguzwa huko mwaka uliofuata walikuwa na kotisoli ya chini mno, si ya juu. Tezi zao za adrenali zilikuwa zimeathirika, na pomboo waliokufa katika eneo lililochafuliwa walikutwa na tezi zilizokonda. Katika mimba 10 zilizofuatiliwa, ni 2 tu zilizoleta mtoto aliyeishi, ilhali katika kundi la kulinganishia mafanikio yalikuwa asilimia 83. Wengi wa watoto waliookotwa wamekufa mapafu yao hayakuwahi kujaa hewa. Magonjwa ya mapafu na maambukizi yalichangia, hivyo si haki kubebesha homoni lawama yote. Lakini mama asiyeweza kutoa kotisoli inapohitajika yuko hatarini, yeye na mwanawe.

Baada ya kuzaliwa, njia ya msongo wa mama kumfikia mtoto hubadilika: sasa ni maziwa. Sili tembo wa kaskazini humnyonyesha mtoto karibu wiki nne pwani bila yeye mwenyewe kula chochote. Kotisoli yake hupanda kadiri siku za kufunga zinavyosonga, nayo husaidia kufungua akiba ya mafuta yanayoingia kwenye maziwa. Mtoto hutoka kwenye kilo 40 hivi na kupita kilo 120. Hapo homoni inafanya kazi yake barabara. Balaa huja pale akiba hiyo inapovutwa na jambo jingine.

Wale nyangumi wa Ghuba ya Fundy, Eubalaena wa Atlantiki Kaskazini, wanatuonyesha hilo wazi. Mama akinaswa na kamba za mitego ya kaa na kamba-koche, huiburuta kwa miezi, wakati mwingine miaka, na homoni zake za msongo hupanda hadi viwango visivyoonekana kwa wenzake walio huru. Utafiti wa mwaka 2021 uliopima urefu wa nyangumi hawa kwa picha za angani uligundua kwamba waliozaliwa miaka ya karibuni wana upungufu wa takriban mita 1 wakilinganishwa na waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba wale ambao mama zao walinaswa wakati wa kunyonyesha walikua wafupi zaidi. Jike mfupi naye huzaa watoto wachache. Ajali moja ya kamba inafika kwa wajukuu, na kundi lote halifiki nyangumi 400.

Tangu mwaka 2008, meli zenye urefu wa mita 20 au zaidi zinatakiwa kwenda si zaidi ya noti 10 (karibu kilomita 19 kwa saa) katika maeneo na misimu maalumu ya pwani ya mashariki ya Marekani, yakiwemo maji ya Georgia na Florida wanakozalia nyangumi hawa. Kanuni hiyo iliwekwa kuzuia kugongwa, lakini kwa meli nyingi mwendo wa pole hupunguza kelele pia. Mitego isiyo na kamba za kudumu majini, inayoitwa juu kwa ishara ya sauti, tayari inajaribiwa na wavuvi.

Kwa asiye na meli wala mtego, kuna jambo moja la kufanya. Ukimkuta mtoto wa sili peke yake ufukweni, usimkaribie, usimguse, usimrudishe majini. Mara nyingi mama yuko baharini anatafuta chakula, na hatapanda pwani akikuona umesimama hapo. Kaa mbali naye mita 50 au zaidi, mshike mbwa wako kwa kamba, na uwaarifu wahusika wa wanyamapori wa eneo hilo ikiwa mtoto ana jeraha au amekaa siku nzima bila mama kuonekana.