Lincoln kabla ya Ikulu: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kuna orodha inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp na midomoni mwa wahamasishaji: Abraham Lincoln alifilisika, akaanguka uchaguzi, akaanguka tena na tena, mwisho akawa rais wa Marekani. Orodha hiyo inachekesha kwa yale inayoyaruka. Ni kweli mwaka 1832 aliwania ubunge wa jimbo la Illinois akashika nafasi ya nane kati ya wagombea 13. Lakini kituo cha kijijini kwake, New Salem, kilimpa kura 277 kati ya kama 300 zilizopigwa. Waliomkataa ni wale ambao hawakuwa wakimjua. Kisha akachaguliwa mara nne mfululizo: 1834, 1836, 1838 na 1840. Hayo wahamasishaji hawayasemi.

Wengine humpa ushujaa wa vita. Alikuwa askari kweli, ila wa muda mfupi. Mwaka huohuo wa 1832 alijitolea katika vita dhidi ya Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, kabila la Wahindi Wekundu, aliyevuka mto Mississippi na watu wake kurudi kwenye ardhi yao ya zamani. Wanakijiji wenzake walimchagua kuwa kapteni wao, na kama wenzake walivyosimulia, kila mtu alikwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mkenya anayekumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1859 Lincoln aliandika kwamba tangu siku ile hajapata ushindi uliomfurahisha kuliko huo, na wakati huo alikuwa ameshapita mpaka Bunge la Marekani kule Washington.

Muda wa kikosi ulipokwisha alijiandikisha tena, safari hii bila cheo. Alisaidia kuzika waliouawa, lakini yeye mwenyewe hakupigana hata mara moja. Wala hakuficha: mwaka 1848, akiwadhihaki waliokuwa wakimkuza mgombea wao kwa sifa za kijeshi, aliwaambia wabunge kwamba naye amepambana vikali na kumwaga damu, tena na mbu.

Faida kubwa ya jeshi ilikuwa watu aliokutana nao. Humo alizoeana na John Todd Stuart, wakili wa Springfield, ambaye baadaye alimhimiza asome sheria na kumwazima vitabu.

Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, lile la kusema alikuwa wakili aliyeamua kuingia siasa. Siasa ndiyo iliyotangulia. Alipokwenda kuapishwa Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati ule, alikuwa msimamizi wa posta na mpima ardhi, na ilibidi akope dola 200 ili apate, pamoja na mengine, suti ya kuingilia bungeni. Leseni ya uwakili aliipata Septemba 1836, baada ya miaka miwili ya ubunge. Chuo cha sheria hakukanyaga. Enzi zile ungeweza kujisomea mwenyewe hadi ukakubaliwa.

Na je, alikuwa wakili wa wanyonge? Mara nyingine. Sehemu kubwa ya kesi zake ilikuwa madai ya madeni, kazi ya kawaida kabisa ya mawakili wa mikoani. Alitetea pia kampuni ya reli ya Illinois Central, na ilipogoma kumlipa ada ya dola 5,000 aliishtaki mwaka 1857 akashinda. Gumu zaidi ni la 1847: alisimama upande wa Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky, aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake. Mahakama iliwaachia huru. Ni Lincoln huyohuyo aliyetia saini bungeni, Machi 1837, tamko lililoutaja utumwa kuwa dhuluma na sera mbaya. Mimi sioni sababu ya kulifuta moja ili jingine ling'ae.

Bungeni nako hakuwa malaika. Desemba 1840 chama chake cha Whig kilitaka akidi isitimie, kikao kisifungwe, ili kuinusuru Benki ya Jimbo, ambayo kikao kikifungwa ingelazimika tena kulipa noti zake kwa sarafu za dhahabu na fedha. Lincoln na wenzake wachache walibaki ukumbini kuangalia mambo yanavyokwenda, kumbe wao ndio walioitimiza akidi. Kuja kushtuka, milango imefungwa. Wakarukia dirishani! Majina yao yalikuwa yameshahesabiwa, kikao kikafungwa, na wapinzani wakapata cha kucheka kwa siku kadhaa.

La mwisho ni la 1858, kwamba wananchi wa Illinois walimkataa Lincoln na kumchagua Stephen Douglas kuwa seneta baada ya midahalo yao saba. Wananchi hawakupiga kura ya useneta. Walichagua wabunge wa jimbo, nao wabunge ndio waliomchagua seneta. Kwa jumla ya kura za jimbo zima, wagombea wa Republican, chama kipya cha Lincoln, waliwapita wa Douglas, ila viti vilivyogawanywa kwa mipaka ya zamani viliwapa wingi Wademokrati, chama cha Douglas, na bungeni Douglas akashinda 54 kwa 46. Utaratibu wa wananchi wenyewe kuchagua maseneta ulikuja kuingizwa kwenye katiba ya Marekani mwaka 1913.